Sauti ya Mfanyakazi wa Kike katika Urithi wa Fasihi wa Manchester

Urithi wa fasihi wa mji wa viwanda aghalabu hupimwa kwa majina yaliyohifadhiwa. Mjini Manchester, Uingereza, jina la Elizabeth Gaskell ndilo linalotangulia. Riwaya yake *Mary Barton* ilichapishwa mwaka 1848 bila jina la mwandishi, na nyumba aliyoishi tangu 1850 hadi alipofariki mwaka 1865 ilifunguliwa kwa umma mwaka 2014 baada ya kukarabatiwa. Suala la msingi ni hili: je, usawiri wake wa mfanyakazi wa kike unatosha kuwa sauti ya mji mzima?

Gaskell, mke wa mchungaji wa Kiunitaria, aliwajua maskini kwa karibu, wala hakuficha njaa na hasira yao. Hata hivyo, Mary hafanyi kazi kiwandani. Baba yake hakubali, naye anajifunza ushonaji wa nguo. Aliyepitia kiwandani ni Esther, mama yake mdogo, ambaye anaishia katika ukahaba na kifo. Katika *North and South*, iliyotoka kama kitabu mwaka 1855, Bessy Higgins anakufa kwa vumbi la pamba lililomjaa mapafuni.

Inaweza kutetewa kwamba kifo cha Bessy ni shtaka. Yeye mwenyewe anaeleza kuwa ipo mashine ya kuondoa vumbi hilo, ila baadhi ya matajiri hawainunui kwa kuwa haileti faida. Utetezi huo una uzito. Lakini ukiziweka riwaya hizi pamoja, mwelekeo unajitokeza: mwanamke wa kiwandani anahurumiwa, analiliwa, kisha anazikwa. Anayefikishwa kwenye ndoa ni yule ambaye mikono yake haikugusa mtambo, na Mary anahamia Kanada, mbali na mji wenyewe.

Ndipo unapoonekana umuhimu wa Ethel Carnie Holdsworth wa Lancashire, aliyeanza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa na umri wa miaka 11. Riwaya yake *Miss Nobody* (1913) inamtoa mfanyakazi wa kike katika nafasi ya kusimuliwa na kumweka katika nafasi ya kusimulia. Kwa miongo mingi jina lake lilisahauliwa.

Kumsoma Carnie Holdsworth hakumpunguzii Gaskell heshima. Gaskell aliulazimisha mji umtazame mfanyakazi wake. Carnie Holdsworth aliulazimisha umsikilize. Urithi unaohifadhi tendo la kwanza na kulipuuza la pili ni urithi wa tabaka moja.