Mashine 'kuhisi' zebaki si sawa na kuipima: Kiswahili cha leza kina walakini

KIJANA mmoja anayesomea fizikia katika bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi alinijia majuzi hapa Muthangari akiwa na karatasi mkononi. "Mwalimu, nisaidie kidogo," akasema. "Nataka kumwelezea nyanya yangu kazi ninayofanya, lakini kila nikijaribu naishia Kizungu."

Kazi yenyewe inahusu mbinu ambayo wataalamu huifupisha kwa herufi LIBS. Kijana alikuwa amejitahidi kutafsiri jina lake lote: "Spektroskopia ya brekidauni iliyosababishwa na leza." Nilicheka, naye akacheka. Kwa dereva wa matatu pale Kangemi, brekidauni ni lile lori linalokuja kuvuta gari bovu. Nyanya angeelewa kwamba mjukuu wake amesoma miaka yote hiyo ili avute magari kwa tochi!

Mbinu hii si ngeni kwetu. Watafiti wa chuo hicho, akiwemo Prof Hudson Angeyo wa fizikia, wamechapisha kazi zinazoitumia kuchanganua udongo na miamba. Kama sayansi imefika Chiromo, Kiswahili chake kimekwama wapi?

Tuanze na jambo lenyewe, maanake huwezi kuhakiki istilahi za kitu usichokifahamu. Mwale wa leza, mfupi sana wa muda, hukusanywa na lenzi hadi ukawa nukta ndogo juu ya jiwe, chuma au udongo. Nukta hiyo huungua, chembe kidogo za kitu hicho hugeuka mvuke, na mvuke huo huwa plazima yenye joto linaloweza kupita nyuzi 10,000. Plazima inapopoa, kila elementi hutoa mwanga wa rangi zake yenyewe. Chombo huuchambua mwanga huo na kusoma nani yumo na nani hayumo.

Mama anayepika supu kwenye meko ya gesi ameliona jambo hili bila darasa. Supu yenye chumvi ikifurika, mwale wa buluu hugeuka manjano. Hiyo ni sodiamu inayojitambulisha, kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589 hivi. Wajerumani Bunsen na Kirchhoff walifuata njia hiyohiyo ya kusoma rangi za moto, wakagundua kaesiamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861. Majina hayo yote mawili waliyatoa kwenye Kilatini, yakimaanisha rangi walizoziona: buluu ya mbingu na wekundu.

Sasa tuje kwenye lugha. Wapo wenzetu wanaoamini kwamba kila istilahi ya kigeni inayotoholewa ni kushindwa kwa Kiswahili. Wangependa leza iitwe jina refu la kubuni, na spektroskopia vivyo hivyo. Siwaungi mkono. Darubini na hadubini tunazojivunia zina asili ya Kiajemi, na hakuna anayezionea haya. Neno laser lenyewe ni akronimu ya Kiingereza ambayo wenye lugha yao wamekwisha kusahau urefu wake, kama sisi tunavyosema ukimwi bila kuwaza Upungufu wa Kinga Mwilini. Leza ni neno fupi, linatamkika, lina silabi wazi. Tena kwa Wabemba na Watonga wa Zambia, Leza ni jina la Mungu, naye huhusishwa na mvua na radi. Neno limebisha hodi katika nyumba ya Kibantu likakuta jina lake liko mlangoni. Tuliache lilivyo.

Shida yangu ni vitenzi. Tunapigania nomino kwenye makongamano huku vitenzi, ambavyo ndivyo hubeba ukweli wa kisayansi, tukiviacha vijipange vyenyewe.

Chukua kitenzi "kuhisi". Vifaa vya kutambua joto, gesi au kemikali vimezoeleka kuitwa vihisi au vihisio. Kwa joto halina neno. Lakini katika Kiswahili cha kila siku kuhisi pia ni kushuku. "Nahisi ameniibia" si ushahidi mbele ya hakimu. Basi gazeti likiandika kwamba mashine "imehisi zebaki", msomaji aelewe nini? Kwamba zebaki imo, au kwamba mashine ina wasiwasi?

Hili si suala la darasani tu. Mnamo Juni 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, alitangaza kwamba sukari ya magendo iliyonaswa ilikuwa na zebaki na shaba. Maafisa wengine wa serikali wakasema vipimo vyao havikuonyesha zebaki. Wananchi walibaki na chai mkononi wasijue wanywe au wamwage. Sidai kwamba sukari ile ilimulikwa kwa leza. Ninachosema ni kwamba mjadala mzima ulining'inia kwenye tofauti ambayo Kiswahili chetu cha habari hakikuishughulikia: "zebaki haikuonekana" na "zebaki haimo" ni kauli mbili.

Kila chombo kina kikomo cha utambuzi. Chini ya kiwango fulani, kitu kinaweza kuwapo na chombo kisikione. LIBS, kwa elementi nyingi, hufika sehemu kadhaa kwa milioni, na sumu nyingine hudhuru kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Anayetafsiri "haikuonekana" kuwa "hakuna" amefanya kosa la sayansi, hata kama upatanisho wake wa kisarufi hauna dosari.

Kosa la pili liko mashambani. Kituo cha Kimataifa cha Kilimo Mseto, ICRAF, pale Gigiri, kimekuwa kwa miaka mingi kikichunguza udongo wa Afrika kwa mwanga wa infraredi. Mwaka 2002, Keith Shepherd na Markus Walsh walichapisha makala iliyoonyesha jinsi maktaba ya spektra za udongo inavyoweza kutumika kukisia sifa zake nyingi kwa haraka na kwa gharama ndogo. Angalia nilivyosema: kukisia. Chombo husoma mwanga ambao udongo umeuakisi, kisha hesabu hulinganisha na sampuli zilizokwisha kupimwa maabarani. Kwa kaboni na mfinyanzi makisio huwa mazuri. Kwa fosforasi ambayo mmea unaweza kuitumia, mara nyingi huwa dhaifu.

Lakini mkulima huambiwaje? "Tumekupimia udongo." Neno moja, kupima, limefunika kutambua, kupima kwenyewe, na kukadiria. Kwa mkulima wa Kakamega mwenye udongo wenye asidi, tofauti hiyo ni pesa. Akiambiwa shamba limepimwa, atanunua mbolea kwa nambari aliyopewa. Akiambiwa limekadiriwa, atauliza: makadirio haya yanaweza kukosea kwa kiasi gani? Hilo ndilo swali mwananchi anapaswa kuliuliza, na lugha imemnyima.

Wapo watakaonijibu kwamba hakuna haja, kwa kuwa sayansi Kenya hufunzwa kwa Kiingereza. Ni kweli hufunzwa hivyo, lakini hailiwi kwa Kiingereza. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ripoti inayomhusu mlaji au mkulima haikamiliki hadi afahamu ni jambo gani lililothibitishwa na ni lipi lililokisiwa.

Pendekezo langu ni jepesi. Tuziache leza, spektra na plazima zilivyotoholewa. Tuvitenganishe vitenzi: kutambua ni kujua kitu kimo, kupima ni kujua ni kiasi gani, kukadiria ni kukisia kiasi kwa kulinganisha. Kuhisi tuwaachie binadamu. Vivyo hivyo kwa mwanga: kuakisi, kufyonza na kutawanya visichanganywe, kwa sababu mbinu ya Raman, iliyompa Mhindi C. V. Raman Tuzo ya Nobel mwaka 1930, husoma mwanga uliotawanywa, si ule ulioakisiwa kama kwenye kioo. Kamusi zetu za sayansi zina nomino za kutosha. Toleo lijalo lipanue vitenzi na litoe mifano ya sentensi.

Na yule kijana? Tulikaa karibu saa nzima, tukaandika: "Nachoma nukta ndogo ya jiwe kwa leza, kisha nasoma rangi za moto wake ili nijue jiwe limeumbwa na nini." Alimpigia nyanya yake simu papo hapo na kumsomea. Nyanya akauliza: "Na ukikosa kuiona rangi, utajuaje haimo?"

Kijana akanitazama. Nikamwambia amjibu ukweli: "Nyanya, hapo siwezi kuapa."