Yungiyungi la Jingdezhen

Kauri nyeupe yenye michoro ya buluu ilikomaa Jingdezhen, mkoani Jiangxi, katika karne ya 14, China ikiwa chini ya wafalme wa Kimongolia. Udongo wake ni kaolini iliyochanganywa na unga wa jiwe. Ukichomwa kwa joto la nyuzi 1,300 hivi, hukaza kama kioo na kupitisha mwanga. Kobalti iliyothaminiwa zaidi siku hizo ilitoka Uajemi.

Mtihani wa kazi hii ni wa mchoraji. Chombo anachopewa ni kikavu, bado kibichi, na hufyonza rangi mara brashi inapogusa, kwa hiyo mstari ukishapita haufutiki. Tena hiyo buluu haioni: mbele yake kuna rangi ya kijivu tu, na haibadiliki mpaka chombo kipakwe utandu unaogeuka kioo na kuingia jokoni. Huchora kwa kukadiria.

Pambo lililomfaa kuliko yote ni yungiyungi, ua ambalo kwa Wabuddha ni ishara ya usafi uliochipuka topeni. Yungiyungi halisi husimama juu ya kikonyo kilichonyooka. Mchoraji akalipa shina la kutambaa, likazunguka bakuli zima bila kuacha pengo. Juu ya maua hayo ziliwekwa ishara nane za baraka, zikiwemo gurudumu, kombe la baharini, mwavuli, samaki wawili na fundo lisilo na mwisho.

Mapambo haya yalishamiri ikulu ilipokaribiana na Tibet. Mwaka 1407 mfalme Yongle, wa nasaba ya Ming iliyowarithi Wamongolia, alimpokea Nanjing lama wa Tibet Deshin Shekpa, wa tano kubeba cheo cha Karmapa. Majoko ya kifalme yakatoa mabirika yenye mdomo wa umbo la kofia ya mtawa, na enzi za wafalme wa baadaye, Xuande na Chenghua, vyombo kadhaa vikazungushiwa maandishi matakatifu ya Kisanskriti.

Kobalti ya Uajemi ilikuwa na chuma kingi, hivyo ilipolundikana iliacha madoa meusi. Dosari hiyo ilipendwa mno, hata wachoraji wa karne ya 18, wenye rangi safi zaidi, wakawa wanaidonoa doa kwa doa kwa ncha ya brashi. Uigaji huo mara nyingi hujisaliti, maana madoa yamepangika kupita kiasi.

Mwandishi Song Yingxing, katika kitabu chake cha mwaka 1637, alihesabu mikono 72 ambayo kikombe kimoja hupitia kabla ya kukamilika. Kati ya mafundi hao wengine walichora mistari, wengine wakajaza rangi. Kitakoni pa vyombo vya ikulu mara nyingi paliandikwa jina la enzi ya mfalme.