Kamati Ilikataza Mafuta, Ikaacha Silikoni

Kamati ilikosea. Naanza na hukumu ili asiye na nafasi ya kusoma hadi chini asihangaike kuutafuta msimamo wangu. Mwaka 1987 kamati ya chama cha wapasuaji rekebishi wa Marekani ilikaa, ikalaani kwa kauli moja kazi ya kuchukua mafuta ya mwanamke mwenyewe na kuyatia kwenye titi lake. Mlango ukafungwa kwa miaka 20 na ushei. Wanaoitetea kamati husema tusiwahukumu watu wa jana kwa elimu ya leo. Hiyo si hoja, kwa sababu ushahidi wa kuwapinga ulitoka mwaka uleule, tena ndani ya jarida la chama chao wenyewe.

Nalifukua tamko hili kwa kuwa halijafa. Kila yanapoanza mazungumzo ya kumjengea titi mwanamke aliyekatwa, iwe Chake Chake, Unguja au Dar es Salaam, hatokosekana mtu wa kuinua mkono na kusema mafuta yanaficha kansa. Muulize kayapata wapi, atakwambia ndivyo inavyojulikana. Inajulikana kwa nani? Ukiifuata nyuma hiyo khabari, unafika kwenye meza ya kamati ileile.

Aliyewachokoza ni mpasuaji Mel Bircoll. Hakuwa amezua jambo geni sana. Mpasuaji Illouz wa Paris alishaonyesha mwishoni mwa miaka ya sabini namna ya kufyonza mafuta kwa kanyula, yaani bomba jembamba, butu bila ya kumchana mtu tumbo zima, na mafuta yenyewe yakawa yanamwagwa. Bircoll akasema yasimwagwe. Akayaosha, akayarudisha mwilini kwa sindano, kidogo kidogo, katika matiti. Alipochapisha kazi yake mwaka 1987, makelele yalikuwa makubwa, na kamati ikaundwa.

Sasa tuirudishe nyuma hoja yao tuitazame polepole, maana hapa ndipo kazi ilipoharibika. Hoja ya kamati ilikuwa na ngazi tatu. Mafuta mengi yanayotiwa hufa. Mafuta yakifa, mwili huacha kovu na chembe za kalsiamu. Kalsiamu hiyo itaonekana kwenye mamografia, itamchanganya anayesoma picha, na saratani changa itapita bila ya kugunduliwa. Ngazi ya kwanza ni kweli, khasa kwa mikono ya wakati ule. Ya pili ni kweli. Ya tatu hawakuipanda, waliiruka. Hawakuleta hesabu ya picha ngapi zilisomwa vibaya, wala wanawake wangapi walicheleweshwa kwa sababu hiyo. Walileta hofu, wakaipigia muhuri.

Anayesoma picha kila siku angeweza kuwasaidia. Mafuta yaliyokufa huacha duara lenye ganda jeupe na katikati tupu. Saratani huacha vumbi: chembe ndogo zenye maumbo ya hovyo, zimejikusanya pahala pamoja. Si kila mara hali hizi mbili hutengana waziwazi, na zisipotengana ipo sindano ya biopsi. Huo ni usumbufu, nakubali. Lakini usumbufu hutafutiwa dawa, na kamati iliupa hukumu ya kifo.

Halafu ndiyo linakuja lile ambalo mpaka leo sijapata wa kunieleza. Mwaka huohuo 1987, jarida la chama lilichapisha utafiti wa Brown na wenzake juu ya wanawake waliopunguzwa matiti. Miaka miwili baada ya kisu, karibu nusu ya picha zilionyesha kalsiamu. Karibu nusu! Je, upasuaji wa kupunguza matiti ulilaaniwa? Haukulaaniwa. Hakuna aliyeitisha kamati. Kalsiamu ni ileile, sababu ni ileile ya mafuta kufa, mamografia ni ileile, na wasomaji wa picha ni walewale. Kwa mwenye matiti makubwa ikaitwa jambo la kawaida la kufuatiliwa, kwa mwenye kutiwa mafuta ikaitwa hatari isiyovumilika. Uamuzi wenye mizani mbili si wa kitaalamu, hata ukitiwa saini na mabingwa wote wa Marekani.

Na kosa kubwa zaidi bado. Tamko lilikuwa juu ya wanawake wazima wanaotaka kuongezwa matiti, lakini aliyelipa ni mgonjwa aliyekatwa titi. Madaktari waliona jina la mafuta na jina la titi katika sentensi moja, wakaweka sindano chini. Mwanamke aliyetolewa titi zima hana tena tezi ambayo mamografia inaisaka. Ugonjwa ukimrudia kifuani, aghalabu hurudi kwenye ngozi, kwenye kovu au kwenye ukuta wa kifua, na hapo huonwa kwa jicho, kwa kidole, na kwa ultrasaundi. Mafuta yangemfichia nini kwenye picha ambayo mara nyingi hapigwi? Matiti mawili tofauti, maradhi mawili tofauti, yakakatiwa hukumu moja.

Mimi na kamati zenye kauli moja hatupatani tangu zamani, wasomaji wangu mnalijua hilo. Wapasuaji wanabishana hata juu ya uzi wa kushonea. Wakikubaliana wote bila ya takwimu, shuku.

Wakati mafuta yamefungiwa, kilichobaki wazi ni nini? Silikoni. Sisemi kamati ililipwa. Sina ushahidi huo na sitousingizia. Nasema tu tazameni yaliyofuata. Januari 1992 mamlaka ya dawa ya Marekani iliyaondoa matiti ya silikoni kwenye soko la kawaida, yakabaki kwa wagonjwa wa kujengewa na wa utafiti, na hayakurudi kikamilifu hadi 2006. Mwaka 2010 Ufaransa ikalipuka kashfa ya kampuni ya PIP, silikoni ya kiwandani ndani ya vifua vya watu. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan ikayarudisha yale yenye ganda la kukwaruza kwa sababu ya limfoma, aina ya saratani. Kifaa kilichoachwa kwa kuwa ni salama kimewapeleka wanawake mahakamani bara baada ya bara. Hayo mafuta yaliyofungiwa yalikuwa tumboni mwao wenyewe muda wote.

Ugonjwa huu wa kuogopa kuficha una babu yake, naye ni mpasuaji Halsted. Mtu aliyetukuka kwa mengine, lakini aliyekata titi, misuli ya kifua na matezi ya kwapa kwa pamoja, kisha akaonya watu wasizibe jeraha kwa nyama ya kuhamishwa, ati itafunika ugonjwa ukirudi. Italia, Iginio Tansini alishaweka mezani mwaka 1906 njia ya kuleta ngozi na msuli wa mgongoni kuziba kifua, kazi safi, nyama ikija na damu yake. Kivuli cha Halsted kilikuwa kirefu mno. Msuli ule ukasahauliwa hadi miaka ya sabini, watu wakauvumbua upya wakajipigia makofi.

Na kabla ya Tansini alikuwapo mpasuaji Czerny. Heidelberg, 1895. Mwimbaji mmoja alitolewa sehemu ya titi kwa uvimbe usio wa saratani. Czerny akaona mgonjwa huyohuyo ana lipoma, uvimbe wa mafuta, mgongoni, akaitoa nzima, akaijaza pale palipobaki shimo. Alipomtazama mwaka mmoja baadaye, titi lilikuwa limesimama vizuri. Hakuwa na mamografia, wala antibaiotiki, wala kamati. Alikuwa na shimo na kitu cha kulijaza, na akarudi kumwangalia mgonjwa wake. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyowashinda mabwana wa 1987.

Waliolifungua tena jambo nitawapitia haraka. Mpasuaji Emmanuel Delay alianza Lyon mwaka 1998 kuongeza mafuta juu ya msuli wa mgongoni uliohamishwa, kimyakimya, na kufikia 2009 alikuwa na kazi 880 za kuonyesha. Sydney Coleman wa New York akaweka utaratibu: bomba la sindano la mkono, mashine ya kuzungusha, tupa mafuta yaliyopasuka, tia matone unapovuta sindano nje. Gino Rigotti wa Verona, mwaka 2007, alionyesha kwa wagonjwa 20 kwamba kifua kilichoharibiwa na mionzi hulainika na hata vidonda vyake kufunga kikitiwa mafuta. Mwaka 2009 chama kilekile kikatoa ripoti mpya na kulegeza kamba. Watafiti wa Milan walitia shaka mwaka 2012 kwa kundi dogo lenye saratani ambayo haijapenya; wa Houston mwaka 2016 hawakuona ongezeko la ugonjwa kurudi. Kazi nzuri zote. Ila mjue zilichelewa kwa nini.

Upande wa mikono yenyewe, ninaloligombania ni moja. Tone la mafuta lililotiwa halina damu yake. Siku za mwanzo hunywa kutoka kwa majirani. Kazi ya maabara ya mtafiti Yoshimura na wenzake ilionyesha kwamba seli zinazopona moja kwa moja ni zile za ukingoni, ndani ya kama theluthi moja ya milimita. Ndani zaidi hufa na nyingine kuota upya, na katikati kabisa huwa mafuta maji. Kila Mpemba anajua karafuu mbichi zikilundikwa huchacha, zikitandazwa juu ya jamvi hukauka vizuri. Anayemwaga mililita 300 kwa pupa kwenye kifua kilichokaza kwa mionzi, ili mgonjwa atoke chumba cha upasuaji na titi la kupigia picha, analundika. Sina subira na mpasuaji wa namna hiyo. Kinachotakiwa ni kurudi mara mbili, mara tatu, baina yake miezi, kwa sababu sehemu ya kinachotiwa hupotea kila mara na ngozi inahitaji muda wa kulegea.

Hapo ndipo kisiwa chetu cha Pemba kinapoingia. Mgonjwa wetu wa titi huchelewa. Wengi nchini hufika hatua ya tatu au ya nne. Akikatwa, kwa kawaida anabaki na kovu bapa na kitambaa alichokunja mwenyewe ndani ya sidiria. Kwa mionzi hupelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, boti mpaka Unguja na boti tena. Kumwekea silikoni mwanamke huyu juu ya ngozi iliyochomwa na mionzi ni kumtafutia balaa: ganda hukaza, ngozi huchanika, kifaa hutoka. Na kabla ya kifaa aghalabu kuna puto la kutanua ngozi, linalojazwa maji ya chumvi wiki hadi wiki. Nani atatoka Micheweni kila wiki kwenda Dar kujazwa puto? Safari tatu za mafuta, moja kwa miezi kadhaa, zinawezekana. Si rahisi, ila zinawezekana. Vifaa vyake ni kanyula na mabomba ya sindano, hakuna cha kuagizwa kwa bei ya gari.

Kikwazo cha kweli kwa watu wetu ni kwamba mwanamke anatoka kwenye dawa za kemo amekonda, huna pa kuvuta. Wengine hawatofaa, nao waambiwe mapema badala ya kupewa matumaini. Lakini hata wanaofaa hawasikii khabari: hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ilipotangaza upasuaji rekebishi mwaka 2023, nchi nzima ilizungumzia makalio. Vifaa vya kumhamishia bibi harusi mafuta ya kiuno ni vilevile vya kumjengea kifua mgonjwa wa Ocean Road. Wa kwanza ana foleni, wa pili hata hajui kuwa lipo la kuuliza.

Iko sehemu moja ambapo hofu ya kamati, ukiipeleka mahali ambapo wao hawakuifikiria, ina mantiki. Mafuta maji yakikusanyika hufanya uvimbe mgumu unaoshikika. Marekani uvimbe huo hupigwa picha wiki hiyohiyo. Kwetu kipimo cha kwanza ni kidole, na mwanamke aliyeponea chupuchupu akishika uvimbe kwenye kovu hatolala usiku huo. Muuguzi wa kituo cha afya naye atamwandikia rufaa kwa hofu, na safari ya boti imeanza upya. Ultrasaundi inaweza kuutambua uvimbe wa mafuta maji. Sindano ikiingia, kinachotoka ni mafuta, na kazi imekwisha hapohapo hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani. Ila anayeshika kipimo awe anajua anachotazama. Kwa hiyo mpasuaji wa Dar anayemrudisha mgonjwa Pemba amwandikie kwenye cheti chake, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, ametia mafuta tarehe gani, mililita ngapi, na upande gani wa kovu. Vyeti vingi ninavyoviona vimeandikwa neno moja: amefanyiwa upasuaji.