Kuoa, Kuolewa, Kuoana: Kitenzi na Hukumu katika Mjadala wa Ndoa Mombasa

Mjadala wa kutambuliwa kisheria kwa ndoa za watu wa jinsia moja umeandikwa nchini Kenya zaidi kwa Kiingereza, na umezungumzwa zaidi kwa Kiswahili. Tofauti hii si ya tafsiri tu. Kiingereza kina kitenzi kimoja kinachowatosha bwana na bibi harusi kwa pamoja. Kiswahili huwagawa: mmoja huoa, mwingine huolewa, na yuko wa tatu, awe baba, walii, kadhi, padri au msajili, ambaye huoza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande zinazobishana juu ya jambo hili Mombasa hazibishani juu ya kitu kimoja, na kwamba chanzo cha kupishana huko kimo ndani ya mnyambuliko wa kitenzi ambacho wahakiki wa Kiswahili, ambao kazi yao ni maneno, wamewaachia wanasheria na wahubiri.

Matini tatu zitatosha. Zote zilizaliwa katika muda wa miezi isiyozidi kumi na minane.

Ya kwanza haina mwandishi, kwa kuwa ni uvumi. Mnamo Februari 2010 ilienezwa habari kwamba wanaume wawili walikuwa wakijiandaa kufunga ndoa Mtwapa, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Umati ulizingira kituo cha afya, watu wakapigwa, wengine wakakabidhiwa polisi. Harusi yenyewe haikuthibitishwa kamwe. Mhakiki hana budi kuuliza ni kwa nini masimulizi yasiyo na bwana wala bibi harusi yaliaminika upesi hivyo. Jibu moja ni kwamba uvumi ulikuta kauli ya kutendwa ikiungojea. Mwanamume anayesemwa kuwa "anaolewa" amekwisha kuhukumiwa na sarufi. Ndiye anayeitwa shoga, neno ambalo kati ya wanawake wa Mvita ni la mapenzi na ujirani mwema, lakini likihamishiwa kwa mwanamume hugeuka kuwa tusi. Mwenzake, basha, hubeba aibu iliyo nyepesi zaidi. Gill Shepherd, katika makala yake ya 1987 kuhusu Mombasa, aliligusa jambo hili aliposhikilia kwamba katika mahusiano ya namna hiyo daraja na mali vina uzito kuliko jinsia. Deborah Amory, aliyeandika mwaka 1998, hakuridhika na hoja iliyoelemea uchumi kiasi hicho, na pengine alikuwa na haki. Hata hivyo, wote wawili walisikia kwamba majina haya hutaja nafasi ya mtu mbele ya mwenzake, na si maumbile ya mwili peke yake.

Matini ya pili ni Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Ibara ya 45(2) humpa kila mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia nyingine kwa hiari yao. Uganda ilikuwa imekwisha kutia marufuku ya wazi katika katiba yake mwaka 2005, nayo Afrika Kusini ilikuwa imeruhusu ndoa hizo kwa sheria ya mwaka 2006. Waandishi wa Kenya walichagua njia ya tatu: walijenga uzio kwa lugha ya haki. Ustadi huo una gharama. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu, Nairobi, ilipokataa kubatilisha vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, ilitoa miongoni mwa sababu zake kwamba kuvifuta kungefungua mlango wa miungano inayopingana na ibara hiyo. Walalamishi hawakuwa wameomba ndoa. Kitenzi ambacho hawakukitamka ndicho kilichowashinda.

Matini ya tatu ndiyo inayostahili kukaliwa kitako. Mwaka 2011 Jaji J. B. Ojwang, katika Mahakama Kuu ya Mombasa, aliamua kesi ya mirathi ya mwanamke wa Kinandi aliyefariki. Mbele yake alikuwapo mwanamke mwingine, mwenye watoto, aliyedai kwamba marehemu alimuoa kwa mila ya Kinandi. Upande wa pili walikuwapo jamaa wa marehemu waliomkana. Jaji alikubali kwamba ndoa ya mwanamke kwa mwanamke ni sehemu ya mila hiyo, na kwamba mjane na watoto wake wana haki katika mali. Hayo yalitamkwa kisiwani humu humu, chini ya Katiba ile ile yenye ibara ya 45, ambayo pia katika ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa.

Hukumu hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, lakini inapodhihirika ni inaposimuliwa kwa Kiswahili: mwanamke alioa. Si kuoana, wala kuolewa. Regine Oboler, aliyechunguza desturi hii kati ya Wanandi na kuandika mwaka 1980, alieleza kwamba jamii humhesabu mwanamke muoaji kuwa mwanamume, hasa katika mambo ya ardhi na urithi, na kwamba hatarajiwi kuwa na uhusiano wa kimwili na mke wake. Kwa hiyo wanaoishika hukumu ya 2011 kama shina la Kiafrika la ndoa za mashoga wanavuta kamba isiyofungwa mahali. Lakini wapinzani wao nao hawasaliki. Wanaosema kwamba Afrika haijapata kujua ndoa isipokuwa ya mwanamume na mwanamke wanakanushwa na Wanandi, na pia na Wakamba, ambao mke wa namna hii wanamwita *iweto*. Feri, wanapongoja wavukaji wa kwenda Likoni, Mkamba na Mnandi hupanga foleni pamoja na Mdigo na Mswahili wa Mji wa Kale. Wote husema "kuoa". Hawamaanishi nyumba moja.

Mswahili mwenyewe hajasalimika na utata huu. Kwa fikihi jambo liko wazi: nikaha ni mkataba wa ijabu na kabuli baina ya walii na bwana harusi, na wanazuoni wa Kishafi wa pwani hawajaacha nafasi ya jinsia moja ndani yake. Lugha ya mtaani, hata hivyo, ni laini kuliko fikihi. Desturi ya waungwana wa Mji wa Kale ni kwamba bwana harusi ndiye anayehamia nyumbani kwa bibi harusi na kukaa fungate huko. Kwingineko, mwanamume akihamia kwa mke na kulishwa naye, majirani husema kwamba "kaolewa". Hakuna anayetilia shaka uume wake. Linalopimwa ni mwenye nyumba na mwenye sahani. Maana yake ni kwamba kauli ya kutendwa ilikwisha kujitenga na mwili zamani, na hoja ya kwamba sarufi ya Kiswahili imeufunga mjadala haina nguvu.

Kinachoombwa na watetezi wa siku hizi ni kauli ya kutendana: kuoana, bila muoaji wala muolewa, kisha dola ije iwaoze. Hili ni geni kwa Wanandi kama lilivyo geni kwa waungwana wa Mvita, na ugeni wake hauko kwenye jinsia tu, bali pia kwenye usawa. Pengine ndiyo sababu filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2018, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, ilipewa jina la *Rafiki*. Jina hilo halina mtenda wala mtendwa. Hata hivyo filamu ilipigwa marufuku mwaka huo huo, kabla ya mahakama kuiruhusu ionyeshwe kwa siku saba.

Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 3, hufasili ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na haimtaji mwanamke aoaye. Mjane kama yule wa 2011 akifika leo mahakamani Mombasa, huenda wakili wake akaona ni salama zaidi kumwita mtegemezi kuliko kumwita mke.