Kupunguzwa Tumbo Nairobi, Kuuguza Mshono Nyamira

Mkazi wa Kisii au Nyamira anayetaka kupunguzwa tumbo kwa upasuaji kwa kawaida huelekea Nairobi, maana ndiko waliko wengi wa madaktari wa upasuaji wa plastiki. Ni kilomita 300 hivi kupitia Bomet na Narok. Kwenda si shida. Kurudi ndiko kunakotaka hesabu, na hesabu hiyo haieleweki mpaka ujue tumboni kumefanywa nini.

Upasuaji huu haupunguzi uzito. Mimba hunyoosha ngozi na kuitenganisha misuli miwili inayoshuka kutoka mbavuni hadi kinenani. Hivyo viwili ndivyo vinavyorekebishwa. Mafuta yaliyozunguka utumbo hayaguswi. Mwenye kitambi kigumu cha namna hiyo ataamka na kovu refu, na kitambi chake kiko palepale. Anayepanga kuzaa tena naye afadhali asubiri, kwa sababu mimba nyingine inaweza kuiharibu kazi yote.

Mgonjwa akishalala kwa dawa ya usingizi, daktari hukata chini ya tumbo kutoka nyonga hadi nyonga. Mkato huu wa chini, unaofichwa na chupi, ulipata sifa baada ya Mbrazili Ivo Pitanguy kuchapisha mwaka 1967 uchambuzi wa wagonjwa wake 300. Ngozi na mafuta yake huinuliwa pamoja kutoka juu ya misuli mpaka karibu na mbavu. Kitovu hukatwa kwa kuzungukwa na kuachwa mahali pake. Misuli iliyoachana huvutwa ikutane na kushonwa katikati, kisha ngozi hushushwa, ya ziada ikatupwa, na tundu jipya likatobolewa ili kitovu kitokee. Aliyejifungua kwa upasuaji mara nyingi huondokewa na kovu lake la zamani, kwani limo katika ngozi inayotupwa. Kazi nzima huchukua saa mbili hadi tano.

Penye hatari ni pale ngozi inapoinuliwa. Ngozi ya tumbo hulishwa na mishipa midogo inayopenya kutoka kwenye misuli, na kuiinua ni kuikata mishipa hiyo. Ngozi inabaki kuishi kwa damu itokayo ubavuni. Sehemu iliyo mbali zaidi na ubavu ni katikati, juu kidogo ya mshono, na hapohapo ndipo ngozi inapovutwa kwa nguvu kuliko kwingine. Jeraha likikataa kufunga, au ngozi ikifa, mara nyingi huanzia hapo. Ndiyo maana daktari makini huuliza kama unavuta sigara, kwa sababu nikotini huibana mishipa. Mvutaji huambiwa aache angalau wiki nne kabla. Atauliza kuhusu kisukari. Atakagua kovu la upasuaji wa nyongo chini ya mbavu za kulia, maana huenda njia ya damu upande huo ilishakatwa. Ukimficha haya unajiumiza mwenyewe. Mwenye keloidi sikioni au kifuani amwonyeshe pia, kwani ngozi nyeusi huotesha makovu ya kuvimba kwa urahisi zaidi.

Utaamka na mirija inayotoa maji na damu, na mkanda wa kubana utakaouvaa wiki kadhaa. Utatembea umeinama kwa siku kadhaa, hata wiki mbili. Chini ya kitovu patakuwa na ganzi, uvimbe utachukua miezi, na kovu litahitaji mwaka au zaidi kutulia. Maji yakijikusanya chini ya ngozi baada ya mirija kutolewa, na hutokea mara nyingi, sharti yafyonzwe kwa sindano na mtu anayejua kazi hiyo.

Kinachoua zaidi ni damu iliyoganda. Misuli ikishakazwa, shinikizo hupanda tumboni na damu ya miguuni hurudi polepole. Mtu wa hali hiyo akikaa saa sita kwenye matatu, magoti yamekunjwa, damu inaweza kuganda mguuni, na bonge likifika mapafuni linaweza kumaliza maisha. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikikata ghafla, kimbilia hospitali saa ileile ukiwa na maelezo ya upasuaji wako kwa maandishi.

Nyumbani nako ni vilima. Dumu la lita 20 kutoka chemchemini, kikapu cha majani chai, mkungu wa ndizi, mtoto mgongoni: hakuna hata kimoja kinachobebwa kwa wiki sita, la sivyo mshono wa misuli unaweza kuachia. Wengi hufanyiwa kwa siri, na siri hiyo inanitia hofu kuliko kisu, kwa kuwa mama asiyejulikana kuwa anaugua atatumwa maji kama kila siku.

Wagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, si wageni wa upasuaji. Ababari wao, wapasuaji wa jadi (mmoja huitwa omobari), walikuwa wakikwangua fuvu la mtu aliyepigwa kichwani na kuandamwa na maumivu, tena akiwa macho. J. G. Grounds aliliandika jambo hilo mwaka 1958, na mwaka 1985 David Furnas, daktari wa upasuaji wa plastiki kutoka Marekani, akalichapisha na wenzake katika jarida la fani yake. Sisemi turudi huko. Nasema tu kwamba omobari alipasua watu katika nchi yake mwenyewe, na jeraha likichacha mgonjwa hakuwa na Bomet na Narok za kuvuka ili ampate.

Mwishoni mwa 2024, KMPDC, baraza linalosimamia madaktari Kenya, iliifunga kliniki moja ya Nairobi baada ya kifo cha mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa urembo. Basi kabla ya kulipa, hakikisha jina la daktari limo katika rejista ya KMPDC kama mtaalamu wa upasuaji wa plastiki. Panga kubaki Nairobi mpaka mirija itolewe na daktari akuruhusu kusafiri. Kisha muulize ni nani atakayeutazama mshono wako ukiwa Kisii au Nyamira. Akikosa jibu, usimlipe.