Mvua ya Tarehe 12 Julai

Chukua daftari la mvua la kijiji chochote cha Kongwa au Chamwino, mkoani Dodoma. Aliyelijaza ameandika kama tuandikavyo sote: siku, mwezi, mwaka. Mvua zinapoanza Desemba, anaweka 01/12/2019, 02/12/2019, hadi mwezi uishe. Sasa lisomeshe kwa Pandas ya zamani, maktaba ya lugha ya Python inayotumiwa sana kuchambua data. Itakuambia mvua ilinyesha Dodoma tarehe 12 Julai. Mgogo, mwenyeji wa Dodoma, atakucheka: Julai huku ni vumbi na baridi ya upepo, wingu la mvua hulioni.

Pandas ilikuwa ikisoma kila mstari peke yake. Ikikuta 07/12, inausoma Kimarekani: mwezi wa saba, tarehe 12. Ikifika 13/12, mwezi wa kumi na tatu haupo, basi inageuza kimyakimya na kupata tarehe sahihi. Hivyo siku 11 za mwanzo wa Desemba zikahamia miezi mingine, kila moja ikiangukia tarehe 12 ya mwezi wake. 12/12 peke yake ikabaki nyumbani. Kuanzia 13 hadi 31 kila kitu shwari. Kosa la namna hii ndilo baya kuliko yote, maana ukichungulia mistari ya mwisho unaridhika.

Pendekezo la kurekebisha liliandikwa mwaka 2022, likaingia katika toleo la 2.0, Aprili 2023. Maktaba sasa inakisia mpangilio kutoka thamani ya kwanza, kisha inaushika kwa safu nzima. Daftari letu likianza na 01/12, itakisia Kimarekani, lakini ikigonga 13/12 inakataa na kutoa kosa. Anayetaka mchanganyiko lazima aseme waziwazi: format="mixed". Kazi nayo huenda kasi zaidi, kwa kuwa haikisii upya kwa kila mstari.

Programu zilizokuwa zikipita zikaanza kukwama. Mimi naona hiyo ndiyo faida yenyewe.

Tundu moja limebaki. Safu yenye siku za 1 hadi 12 tu itapita Kimarekani bila kelele. Hata dayfirst=True ni upendeleo tu, si amri. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, haina shida hiyo: tarakimu zake nane za mwanzo ni mwaka, mwezi, siku. Kwa daftari lako la mvua, andika mwenyewe format="%d/%m/%Y" kabla maktaba haijagusa mstari wa kwanza.