Pile: Unywele au Mkuki?

Wengi wetu tukikuta neno geni katika shairi hukimbilia kamusi, tukachota maana moja, basi, safari ikaendelea. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tabia hiyo hutunyima shairi lenyewe. Mfano wangu ni neno la Kiskoti cha zamani: pile, au pyle.

Kwa maana ya unywele, neno hili linatokana na pilus ya Kilatini. Likahamia kwenye mahameli, likawa jina la ule unyoyanyoya unaolala ukiupapasa huku na kusimama ukirudisha mkono. Hata Shakespeare, katika Measure for Measure, alilifanyia mzaha kwa kulichanganya na neno la sauti moja nalo lenye maana ya kunyonyoka nywele kwa kaswende. Fahari ya tajiri na aibu yake zikavaa sauti moja!

Huko Scotland neno likaonekana pia shambani. Gavin Douglas, aliyekamilisha tafsiri ya Aeneid ya Virgil mwaka 1513, analitumia kwa majani ya nyasi katika utangulizi wa kitabu cha 12. Robert Burns naye, katika shairi la kuwasuta wanaojifanya watakatifu, lililochapishwa 1787, analitumia kwa makapi yanayobaki hata katika nafaka iliyopepetwa vizuri.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Kilatini kina neno jingine, pilum, yaani mkuki, na wapo wanaodai kwamba jani la nyasi limetoka huko kwa kuwa limechongoka. Dai hilo si la kupuuzwa, hasa ukikumbuka kwamba kitabu hicho cha 12 ndicho Turnus anachouawa. Je, Douglas anatuotesha mikuki kabla ya vita?

Mimi nasema hapana. Hebu tulisome shairi, tusiisome kamusi peke yake. Katika utangulizi huohuo Douglas anaieleza ardhi ya mwezi Mei kuwa imetariziwa rangi. Anayetarizi anashughulika na kitambaa, si na silaha. Hata kama asili ya neno ni mkuki, ndani ya shairi hili nyasi zimekuwa manyoya ya mahameli, na ulaini huo ndio unaoufanya umwagaji damu unaofuata utuume zaidi.

Sasa mfasiri wa Kiswahili afanyeje? Akiandika "majani" tu, habari imefika lakini kitambaa kimechanika. "Nywele" ni za kichwani, "manyoya" yanatupeleka kwa kondoo na kuku. Napendekeza "malaika", vile vinyweleo laini vya mwilini. Najua wapo watakaowaona malaika wa mbinguni wakishuka kondeni. Na washuke! Neno lenye maana mbili lifasiriwe kwa neno lenye maana mbili. Asiyekubali alete lake, tulipime ndani ya shairi.